Isale Lililokosa wa Kulipokea

Mtu mmoja alikuwa na kihamba kwenye mteremko wa mlima, na alikipenda kuliko alivyowapenda watu waliokilima. Jina lake Ndekirwa. Kihamba, kwa wasiojua, ni shamba la urithi ambamo mtu ana nyumba yake, migomba yake, kahawa yake na makaburi ya wazee wake, vyote ndani ya uzio mmoja. Uzio wenyewe ni wa masale, mmea wa majani marefu ambao ukiuchomeka ardhini hata bila kuukusudia unaota. Kwa watu wa mlima ule isale lina kazi mbili. Huonyesha mpaka wa mtu na jirani yake. Tena, mtu akimkosea mwenzake hukata isale, hulifunga jani lake fundo, akampelekea, na aliyeletewa isale hakatai. Atanuna, ataguna, atatazama pembeni, lakini mkono ataunyoosha alipokee. Shikeni hayo mawili, maana habari yote imo humo.

Ndekirwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetishika. Kaka yake mkubwa aliuza fungu lake la urithi kwa mgeni, na mgeni akajenga baa juu ya makaburi ya babu zao. Kila Jumamosi spika zilipoanza kupiga, Ndekirwa aliacha chakula mezani akatoka nje kusimama kwenye uzio wake, akiushika kana kwamba unataka kukimbia. Alipoona nguvu zinamwishia alishuka mjini kwa wakili, akaandikisha wosia.

Aliusia hivi. Kihamba kisiuzwe, kisigawanywe, kisiwekwe rehani, kisikodishwe. Nyumba isiwe zaidi ya hiyo iliyopo. Mti wa kahawa using'olewe, isale la mpakani lisiondolewe. Akae humo Anaeli, kitinda mimba wake, pamoja na mkewe na watoto wao, na mtu mwingine yeyote asijenge wala asifanye makazi. Binti aliyeolewa ana kwake. Azikwe humo yule tu aliyekishika kihamba. Tena mtu asije na isale kutaka maneno haya yalegezwe. Na siku sharti lolote litakapovunjwa, kihamba chote kiwe mali ya Kisamo, mtoto wa yule kaka aliyeuza.

Wakili alishangaa. Alimuuliza mzee kwa nini amwachie tishio hilo mtoto wa mtu aliyemuudhi kiasi kile. Ndekirwa alimjibu kwamba hakuna atakayekilinda kihamba vizuri kuliko mtu asiye nacho, kwa kuwa hatalala akingoja mwenye nacho ateleze. Alijiona amefanya jambo la akili sana. Akatia dole gumba, akarudi kwake, na baada ya mavuno ya kahawa akafa.

Wosia ulisomwa matanga yalipomalizika. Walikuwamo sebuleni Anaeli na mkewe Eliaichi, Kisamo, wazee wa ukoo, na Ndeshi, dada yake Anaeli, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya pili ya mlima. Ndeshi ndiye aliyemuuguza baba yao. Alimwosha, alimgeuza kitandani, alimlisha mtori wa ndizi kwa kijiko hadi siku ya mwisho, na kila alipochoka alijitania kwamba amepata mtoto mzito kuliko wote aliowahi kubeba. Msomaji alipofika pale pa binti aliyeolewa, watu waliinamisha macho. Ndeshi akacheka kidogo. "Angalau amenitaja," alisema. Kisha akasimama kwenda kuosha vyombo.

Tangu siku ile Anaeli aliingiwa na hofu, na hofu ile ikawa ndiyo kazi yake. Zamani yeye na Kisamo walikuwa kama waliozaliwa chumba kimoja. Nyumba zao zilitazamana juu ya uzio, kwa kuwa Kisamo alibaki kwenye kipande kidogo ambacho baba yake hakukiuza, waligawana zamu ya maji ya mfereji, na mbege, pombe yao ya ndizi, ikipikwa upande mmoja ilinywewa na pande zote mbili. Sasa Anaeli akimwona Kisamo amesimama uzioni alihisi anakagua miti. Kisamo akiuliza hali ya ng'ombe, Anaeli alisikia mtu anayeuliza hali ya ng'ombe wake mwenyewe wa kesho. Akaanza kujibu kwa mkato. Baadaye akaanza kupita njia ya chini ili wasikutane. Kisamo alimsalimu kwa muda mrefu bila kujibiwa vizuri, mwisho na yeye akanyamaza, na Anaeli akauona ukimya ule kuwa ushahidi kamili wa ubaya wake.

Kahawa ilikuwa imezeeka. Magonjwa yaliila, matunda yakawa meusi kabla ya kuiva, na majirani waliing'oa yao wakapanda maparachichi na mboga. Anaeli hakung'oa hata shina moja. Alipalilia miti iliyokwisha kukauka, akaiwekea samadi. Watoto wake walikuwa wakimwona asubuhi akiisafisha miti mikavu, na hawakujua wacheke au wafanye nini.

Ndipo Ndeshi aliporudi. Mumewe alikufa, hakumwachia mtoto, na wakwe wakamwonyesha njia kwa maneno ya adabu ambayo yanauma kuliko matusi. Alikuja na kifurushi cha nguo na kikohozi. Anaeli alipomwona langoni, moyo wake uliruka kwa furaha kabla hajakumbuka chochote. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni udogoni, akamfundisha kupita juu ya gogo la mfereji bila kutazama chini. Alimpokea kifurushi. Eliaichi alichinja kuku, wakala, na nyumba ile ikasikia kicheko baada ya siku nyingi.

Mgeni aliruhusiwa. Wosia ulikataza makazi, haukukataza ugeni. Lakini mgeni huwa mkazi lini? Hilo Ndekirwa hakulisema, na Anaeli alilala nalo na kuamka nalo. Ndeshi alipofagia uwanja, Anaeli alijiambia kwamba hata mgeni hufagia. Ndeshi alipopanda mchicha nyuma ya jiko, alitamani kumwambia aung'oe. Ndeshi mwenyewe alitaka kitu kidogo mno. Aliomba apewe mahali pa kusimamisha kibanda cha udongo, kule chini kwenye migomba, pasipolimwa kitu. Alisema hataki kuwabana ndani na kikohozi chake.

Asubuhi moja Kisamo alimwona akianika nguo. Akapaza sauti kutoka ng'ambo ya uzio, kwa furaha ya mtu aliyemkosa mwenzake. "Ndeshi! Umerudi nyumbani, dada yetu?"

Ndeshi akajibu kwa furaha. Anaeli alikuwa zizini, akasikia. Kwake salamu ile ilikuwa ni mashtaka yanayoandaliwa.

Eliaichi alimwona mumewe anakonda. Siku hiyo alimkalisha chini jikoni, akamwambia, "Baba Happy, nenda kwa Kisamo. Kihamba kikivunjiwa sharti ni yeye anayekipata. Basi ni yeye anayeweza kusema sidai. Muulize tu."

"Nikamuulize?" alisema Anaeli. "Nikamwonyeshe mwenyewe mahali pa kunikamatia? Nikitoka kwake, na yeye anatoka kwenda mahakamani."

"Mlikula naye tangu utoto."

"Kabla wosia haujaandikwa."

Eliaichi akaondoa sufuria motoni. Tusimcheke Anaeli. Alikuwa na watoto, na mtu wa mlima ule asiye na kihamba ni mtu asiye na mahali pa kuzikwa. Aliwapenda watoto wake, akaogopa kwa ajili yao, na hofu ya mtu anayependa ndiyo isiyosikia la mtu.

Akamwambia dada yake kwamba ugeni umetosha. Alimwambia kwa upole, akitazama ardhi, akieleza sharti moja baada ya jingine kama mtoto anayesoma somo la kukariri. Ndeshi alimsikiliza hadi mwisho. Akainuka, akaenda mpaka kwenye uzio wa baba yao, akakata kichwa cha isale na kipande cha shina lake, akafunga jani la juu fundo. Akarudi nalo, akapiga magoti mbele ya mdogo wake aliyembeba mgongoni.

"Kama nilimkosea baba, sijui nilimkosea wapi," alisema. "Nisamehe wewe uliyekaa mahali pake."

Eliaichi alikuwa mlangoni, na watoto nyuma yake. Katika mlima ule watu waliouliana ndugu wamepokeleana isale. Anaeli aliutazama mkono wake wa kulia, akauona unataka kunyanyuka wenyewe. Akaushika kwa mkono wa kushoto. Akageuza uso kuelekea kaburi la Ndekirwa, akasema:

"Dada, anayeweza kulipokea amelala pale."

Ndeshi alibaki amepiga magoti kidogo, kama mtu anayengoja neno la pili. Halikuja. Akainuka, akajifuta magoti, akachukua kifurushi chake. Alipofika langoni aliona hawezi kuondoka na isale wala hawezi kulitupa, kwa kuwa isale halitupwi. Akalichomeka ardhini pembeni mwa lango, akaenda zake.

Binti mkubwa wa Anaeli, Happy, ndiye aliyeuliza. Aliuliza wakiwa wanakula, bila ubaya wowote. "Baba, na mimi nikiolewa halafu mambo yakaniharibikia, nikirudi utaniambia nini?" Anaeli alikuwa amekilinda kihamba kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa akaona kwamba katika wosia ule mtoto huyu naye ni binti atakayeolewa. Hakuna aliyemaliza chakula.

Ndeshi alishuka tambarare, akapanga chumba mjini, akawa anachoma mahindi kando ya stendi. Anaeli alimtumia ndizi na maziwa kila alipopata mtu anayeshuka. Alichagua mkungu mzuri kuliko yote, akaufunga kwa majani ili usichubuke, na alipoukabidhi roho ilimtulia kwa muda. Neno la kumwambia arudi hakulituma. Kikohozi kikageuka kuwa ugonjwa kamili, ugonjwa ukamlaza, na wakati wa mvua za masika Ndeshi akafa. Majirani wa kupanga ndio waliomfumba macho.

Watu wa mlima ule, afie wapi mtu, hurudishwa. Husafirishwa hata kutoka nchi za mbali, akalazwa kwenye udongo wa kwao, chini ya migomba. Wazee wa ukoo walimwendea Anaeli kumuuliza kaburi lichimbwe upande gani. Akawasomea. Azikwe humo yule tu aliyekishika kihamba. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena, akasema basi, wakatawanyika. Ndeshi akazikwa kule chini, kwenye makaburi ya manispaa, mahali pa joto na vumbi ambapo watu hulazwa kwa mistari na hakuna anayemjua jirani yake. Juu yake walichomeka kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi.

Kisamo alikuwapo. Alikuwa ameshuka kwa gari la alfajiri, na koti lake la kanisani lilikuwa limelowa mvua. Watu walipoanza kuondoka alimfuata Anaeli, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu wosia usomwe walitazamana karibu. Anaeli aliona kwamba Kisamo amezeeka na amelia.

"Kwa nini hukumleta nyumbani?" Kisamo aliuliza.

"Unajua kwa nini," alisema Anaeli. "Ulikuwa unangoja."

Kisamo alimwangalia kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Kisha akaelewa, na alipoelewa alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mimi? Ningoje kihamba? Ndugu yangu, baba yangu aliuza makaburi. Mimi nimeona aibu ya ardhi, nikakitamani na chako? Ndeshi angejenga hata juu ya paa lako, ningekuja kumsaidia kukandika. Ungenituma mtu tu. Ungeniletea isale, ningelikataaje?"

Anaeli alikumbuka Kisamo akisimama uzioni miaka yote ile, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mtu yule alikuwa anatazama nini. Alikuwa anangoja kusalimiwa. Isale aliletewa, naye alikuwa mtu mmoja tu katikati ya njia. Kazi yake ilikuwa kulipokea kwa dada yake na kulipeleka ng'ambo ya uzio, hatua chache, kwa mtu aliye hai. Yeye akalielekeza kaburini. Alimpa baba yake aliyekufa kazi ambayo wafu hawaiwezi, na walio hai akawaona maadui.

Alirudi mlimani akiwa mtu mwingine, lakini kujua hakukumsaidia kitu. Happy aliolewa mbali na hakurudi. Wadogo zake walimfuata mmoja mmoja kwenda walikoenda, na walipopiga simu waliuliza hali ya mama kwanza. Eliaichi aliishi naye bila ugomvi, akimwekea chakula, akimwitikia alipoitwa. Ikifika Krismasi, wakati mlima mzima unajaa magari na moshi wa nyama, na kila kihamba kina watoto wanaokimbizana kwenye migomba wasioijua, kwa Anaeli palifagiliwa, pakangojewa, pakafika jioni. Kihamba kilikuwa salama. Hakikuuzwa, hakikugawanywa, hakikukodishwa. Miti ya kahawa yote ilisimama mahali pake, mikavu. Kila sharti la Ndekirwa lilitimia, na hakukuwa na mtu wa kukiachia.

Na lile isale la langoni liliota. Ndeshi alilichomeka tu akiwa anaondoka, na likashika mizizi, likapanda mpaka likamzidi Anaeli urefu. Kulikata lote hakuweza, kwa kuwa lilikuwa limeota mpakani na wosia ulikataza. Kila alipotoka lilimgusa bega. Kila aliporudi lilimgusa bega la pili.

Miaka mingi baadaye, masika yalipokwisha, alishindwa kuvumilia. Alikata kichwa kimoja cha isale lile, akafunga jani lake fundo, akashuka tambarare. Njia nzima alilibeba kifuani, na watu wa mlimani waliokuwa ndani ya gari walipoliona walinyamaza kwa heshima, wakijua kuna mahali mtu anakwenda kusamehewa. Alifika kwenye makaburi ya manispaa. Mvua zilikuwa zimevisawazisha vilima vya udongo. Vibao vilikuwa vimeanguka, vingine vimechukuliwa kuwa kuni, na vilivyobaki vilifutika rangi. Mistari ilikuwa imeongezeka mpaka mahali alipodhani ni mwisho pakawa katikati. Alitembea huku na huku akiita jina la dada yake kwa sauti ndogo. Alimuuliza mchimba makaburi, naye akamwambia wako wengi, mzee, hawezi kuwajua.

Anaeli akasimama katikati ya udongo ule uliolingana, isale mkononi, akigeuka upande huu na upande ule. Hakuweza kuliweka mahali popote, kwa kuwa kila mahali palikuwa pa mtu mwingine. Hakuweza kulitupa. Huko nyuma kulikuwa na kihamba kikubwa kilichofungwa barabara kwa maneno ya mtu aliyekwisha kufa, na mbele yake hapakuwa na mkono hata mmoja.

Basi nawauliza ninyi mnaokwenda kuusia, mnaotaka maneno yenu yasimame wakati ninyi mmelala: isale hilo alilolishika mzee yule, mmemwachia nani ruhusa ya kulipokea?